Uzi: Programu ndogo za kujifunzia nyumbani. Achana na kikokotoo, anza na mita ya LUKU

#1 · fundi_wa_mita

Wakuu, habari za majukumu.

Kila baada ya siku mbili tatu anatokea mdau humu anauliza: "Nimejifunza Python (lugha ya kuandikia programu) wiki tatu, sasa nitengeneze nini?" Majibu ni yale yale. Tengeneza kikokotoo. Tengeneza mchezo wa kubahatisha namba. Na mimi nilipita huko. Kikokotoo changu nilikimaliza saa tano usiku, nikajumlisha mbili na mbili, ikaja nne, nikafunga laptopu nikalala. Sikukigusa tena. Simu yangu ina kikokotoo kizuri kuliko kile, na pale nyumbani hapakuwa na mtu anayekisubiri.

Kilichonivuta ni mita ya umeme, hii ya LUKU ya kulipia kabla. Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wanne, mita moja. Waliowahi kuishi hivyo wanajua kinachofuata: kila umeme ukiisha ni kesi. Huyu ana friji, yule ana pasi, wa chumba cha nne anasema yeye ana taa moja tu na simu. Siku moja nikaanza kusoma salio la mita kila jioni saa moja na kuliandika. Nikaona hiki ndicho kitu cha kukiandikia programu. Nikisema kodi humu namaanisha maandishi ya programu (code), siyo ya TRA wala ya mwenye nyumba, tuelewane mapema.

Programu yenyewe ya kwanza ilikuwa mistari mitano:

```
jana = float(input("Salio la jana: "))
leo = float(input("Salio la leo: "))
matumizi = jana - leo
print("Zimetumika uniti", round(matumizi, 2))
print("Zimebaki siku", int(leo / matumizi))
```

`input` inauliza, `float` inageuza jibu kuwa namba, `print` inaandika kwenye kioo. Jana 21.9, leo 18.4. Ikaniambia zimetumika uniti 3.5, zimebaki siku 5. Nikaenda kuwaambia wenzangu kwamba Jumamosi tunalala giza. Jumamosi saa mbili usiku, kweli, pap. Kuanzia siku ile nikawa naulizwa kila jioni, "Fundi, zimebaki siku ngapi?"

Hapo ndipo nilipojifunza. Hakuna darasa lililonifundisha kama kuulizwa na mtu aliyeshika sufuria mkononi.

Wiki ya pili umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi hadi usiku. Salio la jana na la leo likawa lile lile. Programu ikanitupia maandishi mekundu, `ZeroDivisionError`. Matumizi ni sifuri, na kugawa kwa sifuri haiwezekani hata ufanyeje. Nikajifunza `if`, yaani kuweka sharti. Mwezi uliofuata nikataka kuhifadhi namba za kila siku badala ya kuziandika upya, nikajifunza mafaili. Kisha nikataka wastani wa siku saba, maana matumizi ya Jumapili yenye pasi si sawa na ya Jumanne, nikajifunza orodha na kitanzi cha `for`, kinachorudia kazi ile ile. Sikukaa chini kusema "leo nasoma vitanzi". Vilikuja vyenyewe kwa sababu mita ilivitaka.

Kwa hiyo uzi huu si wa kuorodhesha programu hamsini. Naomba kila aliyewahi kutengeneza kitu kidogo nyumbani kwake akakitumia kweli, au mtu mwingine akakitumia, aseme ni nini na kilimgomea wapi.

Vifaa kwa wageni: laptopu ya zamani inatosha kabisa, yangu ilikuwa Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2. Weka Python 3, na kama wewe ni mgeni kabisa weka Thonny, programu ya kuandikia kodi, ambayo imetengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanafunzi na inakuja na Python yake ndani. Ukipakua mara moja huhitaji bando tena. Ukikuta video inayoandika `print` bila mabano, kimbia. Hiyo ni Python 2, ilifungwa rasmi Januari 2020.

Karibuni.

#2 · siti_ya_dirishani

Nimekaa pale nasoma.

#3 · Kijana_wa_Igurusi

Mkuu mimi sina laptopu. Nina simu tu, Android, na hata hiyo kioo kina ufa. Niendelee kusoma au nifunge?

#4 · fundi_wa_mita

Endelea kusoma mdogo wangu. Weka Pydroid 3. Ni programu ya Android inayoendesha Python ndani ya simu yenyewe bila intaneti. Ile mistari mitano hapo juu inafanya kazi humo bila kubadilisha herufi.

Nisikudanganye lakini, kibodi ya simu itakutesa kwenye mabano na nafasi za mwanzo wa mstari. Python inasoma zile nafasi kama sehemu ya maana. Ukiweka nafasi nne mstari mmoja na tatu mstari unaofuata, inakataa. Andika programu fupi fupi, mistari ishirini mwisho.

#5 · mtoto_wa_dukani

Fundi, umenigusa. Mimi yangu ni daftari la madeni.

Mama ana duka la rejareja. Nyuma ya kaunta kuna daftari la mistari, limechakaa kona zote, ndani kuna mtaa mzima: sukari nusu, mafuta ya kupima, sabuni kipande, "atalipa mwisho wa mwezi". Nikamwambia mama, hii nakuwekea kwenye kompyuta. Akanitazama kwa huruma.

Kosa la kwanza lilitokea siku ya kwanza. Nikaandika deni la 500, nikaongeza deni la 200, nikaomba jumla. Ikaniambia mteja anadaiwa 500200. Nusu milioni kwa sukari na kiberiti! Kumbe `input` inakupa maandishi, haikupi namba. Ukijumlisha maandishi mawili inayaunganisha tu kama mabehewa. Dawa yake ni kuzungushia `int`, inayoyageuza kuwa namba, lakini kabla ya kuijua dawa nilikaa saa mbili naitukana kompyuta.

Kosa la pili ndilo sitalisahau. Kodi yangu ya kuhifadhi ilikuwa hivi:

```
with open("madeni.txt", "w") as faili:
    faili.write(jina + "," + str(deni) + "\n")
```

Wiki nzima nikawa naingiza. Hakuna kosa, hakuna maandishi mekundu, najiona mtaalamu. Jumapili mama akasema hebu nionyeshe nani anadaiwa nini. Nikafungua faili. Mstari mmoja. Mtu mmoja, nusu kilo ya sukari. Wengine wote hawapo.

Ile `"w"` inafungua faili na kulifuta kwanza, halafu ndiyo inaandika. Kila nilipoingiza deni jipya nilikuwa nasamehe mtaa mzima. Nilitakiwa kuweka `"a"`, inayoongeza mwishoni bila kugusa yaliyopo. Herufi moja.

Mama hakusema kitu. Akainama chini ya kaunta akatoa daftari lake. Wiki nzima alikuwa anaandika kote kote.

#6 · siti_ya_dirishani

"Nasamehe mtaa mzima" 😂😂 mkuu kwa nini hukuwa jirani yetu

#7 · BiHasanati

Mama ana akili kuliko sote humu.

#8 · Jenerali_Java

Samahanini wakuu lakini mnawapoteza vijana. Python ni lugha ya kuchezea. Anayetaka kuwa mhandisi wa programu aanze na Java, ajue aina za data, ajue klasi, ajue nidhamu. Hayo ya 500200 yasingetokea. Mnaanzisha mtu na mistari mitano, kesho anajiita dev.

#9 · mtoto_wa_dukani

Jenerali, na Java ukijumlisha maandishi mawili kwa alama ya kujumlisha unapata nini?

#10 · Jenerali_Java

Yanaungana. Lakini ungejua kwamba ni maandishi, kwa sababu ungekuwa umetangaza aina yake.

#11 · fundi_wa_mita

Jenerali ana hoja, tena ya kweli. Lakini nyumbani kwangu mtu alikuwa ameshika sufuria. Kwenye Java ningekuwa bado naandika klasi wakati umeme unakatika. Kila mtu aanze na anachokipata, tuendelee.

#12 · mwalimu_wa_zamu

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa msingi, na nyumbani nina wanangu wawili na wa dada yangu watatu kila likizo. Nilitaka kitu cha kuwaondoa kwenye televisheni. Nikatengeneza mchezo wa vitendawili.

Programu inaandika "Kitendawili!" na inasubiri. Mtoto asipojibu "tega", haiendelei. Hilo tu liliwafurahisha kuliko kitu kingine chochote. Kisha inachagua kimoja kutoka kwenye orodha: nyumba yangu haina mlango, kuku wangu katagia mibani, popoo mbili zavuka mto. Mtoto anaandika jibu. Akishindwa, programu inasema "Nipe mji", kama tulivyofanyiwa na bibi zetu, na mtoto anataja mji, programu inajibu "Nilikwenda" na jina la mji huo, nilipofika wenyeji wakanipokea vizuri, wakanila kuku na wali, na jibu ni fulani.

(Wakanilisha, siyo wakanila. Naliacha hivyo hivyo maana ndivyo nilivyoandika kwenye programu na watoto hawakukubali nisahihishe.)

Ilinigomea mara mbili. Ya kwanza: mtoto anaandika "Yai" kwa herufi kubwa, programu inasema amekosa. Mwingine anaandika "yai" halafu anabonyeza nafasi, amekosa. Kilio. Nikafundishwa humu humu kwamba jibu lisafishwe kwanza:

```
jibu = input("Jibu lako: ").strip().lower()
```

`strip` inaondoa nafasi za mwanzo na mwisho, `lower` inageuza herufi zote kuwa ndogo. Baadaye ikanibidi nikubali majibu zaidi ya moja kwa kila kitendawili, maana kwa nyumba isiyo na mlango mmoja aliandika "yai la kuku", na kumwambia amekosa ningekuwa nadhulumu.

Ya pili iliniumiza kichwa siku mbili. Ili programu ichague kwa bahati nasibu unaandika `import random`. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa najaribu hiyo random, faili langu nililiita random.py. Python ikaenda kutafuta random, ikakuta faili langu pale pale kwenye folda, ikajua ndiyo hiyo. Ikaniambia `random` haina `choice`, ile amri ya kuchagua. Nikasakinisha Python upya mara tatu kabla binti yangu wa darasa la sita hajauliza, "Mama, kwa nini lako nalo linaitwa random?"

#13 · BiHasanati

Mwalimu shikamoo. Huyo binti ungemwachia laptopu moja kwa moja.

#14 · mwalimu_wa_zamu

Marahaba. Wadogo zake nimewaanzisha na Scratch, ile ya MIT ya kupanga vipande vya rangi kama matofali. Ipo tangu 2007, ni bure, ipo ya kuweka kwenye kompyuta bila intaneti, na lugha unaweza kuibadilisha kuwa Kiswahili. Yeye mkubwa amekataa, anasema hiyo ni ya watoto.

#15 · pwani_kwetu

Assalaam aleikum jamaa zangu. Tanga hapa.

Yangu ni saa. Bibi yangu anapenda mpira kuliko mimi. Ratiba za mechi zinakuja 22:00, 17:30, 19:45, na kila mara ananiuliza "hiyo ni saa ngapi yetu?" Nikasema ngoja niandike kitu cha kubadilisha saa za simu kuwa saa za Kiswahili.

```
saa = int(input("Saa ya simu, 0 hadi 23: "))
kwetu = (saa - 6) % 12
if kwetu == 0:
    kwetu = 12
print("Saa", kwetu)
```

Ile alama ya asilimia siyo asilimia, inatoa baki baada ya kugawa. 22 toa 6 ni 16, ukigawa kwa 12 inabaki 4. Saa nne usiku. 18 toa 6 ni 12, inabaki sifuri, ndiyo maana nikaweka `if` ili iseme kumi na mbili.

Hesabu ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kazi ilikuwa asubuhi, mchana na jioni. Saa kumi ni alasiri au jioni? Kwetu saa kumi ni alasiri, mke wangu wa Iringa anasema ni jioni. Saa kumi na moja ya usiku ni alfajiri au usiku? Nikaandika mipaka, bibi akaikataa yote, akanipangia ya kwake kufuata adhana. Na akaniuliza jambo ambalo bado sijalijibu: mechi ya saa tano usiku wa Jumatano ni ya Jumatano au ya usiku wa kuamkia Alhamisi? Maana kwa hesabu ya wazee wetu jua likizama siku imeshaingia nyingine. Kompyuta inaijua saa sita usiku tu.

#16 · Jenerali_Java

Nimeijaribu hii kwa Java kwa ajili ya kuwaonyesha tofauti. Nimeingiza 1, yaani saa saba usiku. Imenipa -5.

#17 · siti_ya_dirishani

Saa hasi tano usiku. Wachawi ndiyo wanarudi.

#18 · fundi_wa_mita

😂 Jenerali hujakosea, ni lugha. 1 toa 6 ni hasi 5. Kwenye Python baki hufuata alama ya namba unayogawia, 12 ni chanya, kwa hiyo inakupa 7. Java, C na JavaScript hufuata alama ya namba inayogawanywa, ndiyo maana unapata hasi 5. Jambo dogo hili limewahi kumla mtu mzima na digrii yake.

#19 · pwani_kwetu

Basi Jenerali jumlisha 6 badala ya kutoa. Kwenye duara la saa 12, kurudi nyuma sita na kwenda mbele sita unafika pale pale. 1 na 6 ni 7. 22 na 6 ni 28, baki 4. Haiwi hasi kamwe.

#20 · Jenerali_Java

Nimejaribu. Imekubali. Asante mkuu.

Naomba hiyo mipaka ya bibi yako.

#21 · Otieno_wa_Kisumu

Niaje wadau. Huku Kenya mimi nilianza na meseji za M-Pesa. Kila mwisho wa mwezi najiuliza pesa imeenda wapi, na jibu liko kwenye simu yote. Nikanakili meseji za mwezi mmoja kwenye faili la maandishi, nikaandika programu inasoma mstari kwa mstari, inatafuta "Ksh", inachukua namba inayofuata, inajumlisha.

Ikakwama hapo hapo mwanzo. Meseji inaandika 1,250.00 na Python haitambui ile koma. Ukiipa `float("1,250.00")` inakukatalia. Lazima uondoe koma kwanza kwa `replace(",", "")`. Ya pili, kila meseji ina namba zaidi ya moja: uliyotuma, salio, na gharama ya kutuma. Mwezi wa kwanza nilijumlisha zote pamoja na salio, nikajikuta nimetumia pesa ambazo sijawahi kushika maishani.

Nilipoirekebisha nilitamani irudi kuwa na makosa. Sitasema namba hapa. Kiasi kilichoenda kwa chapo na madondo peke yake ni aibu.

Angalizo moja: hilo faili lina majina na namba za simu za watu. Likae kwenye mashine yako. Usilipandishe popote kuomba msaada. Badilisha majina kwanza.

#22 · karani_mstaafu

Nawasalimu. Nimeandika hati za malipo miaka mingi, nimejifunza Python nikiwa nimeshastaafu, mjukuu ndiye aliyeniwekea. Programu yangu inageuza tarakimu kuwa maneno kwa ajili ya risiti. Ukiipa 1,500 inaandika elfu moja mia tano.

Vijana, hii ifanyeni. Inaonekana nyepesi, na itawafundisha kugawa, baki, orodha na funksheni (kipande cha kodi unachokipa jina ukakiita tena), na pia itawafundisha Kiswahili.

Unaanza na orodha ya moja hadi tisa, kisha kumi, ishirini, thelathini hadi tisini. 21 ni ishirini, "na", moja. Kwa maelfu unatumia alama mbili za mkwaju, zinazogawa na kutupa sehemu iliyobaki:

```
maelfu = kiasi // 1000
baki = kiasi % 1000
```

Kwa 45,300 unapata maelfu 45 na baki 300. Kazi ile ile ya makumi unaiita tena kwa 45. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanasisitiza funksheni. Sikuandika makumi mara mbili.

Kisha nikafika kwenye shimo. Nikaandika "elfu" likifuatiwa na namba, kama tunavyosema. 45,000 ikawa elfu arobaini na tano. Vizuri. Nikaingiza 40,005. Ikawa elfu arobaini na tano.

Nikaingiza tena. Ile ile. Kompyuta haikukosea, ni sisi tunavyosema. Sokoni hakuna shida, mtu anaona nguo na anajua bei haiwezi kuwa arobaini elfu na shilingi tano. Kwenye hati ya malipo ni hatari. Nikabadilisha, ikiwa maelfu yanazidi moja neno elfu linakuja nyuma: arobaini na tano elfu, arobaini elfu na tano. Ndivyo tulivyokuwa tukiandika ofisini tangu zamani, na sikuwahi kujiuliza sababu mpaka mashine iliponikwamisha nikiwa na miaka sitini na kitu.

Laki sijaimaliza. Mjukuu anataka isome "laki mbili na nusu". Nimemwambia hiyo nusu aiandike yeye.

#23 · mwalimu_wa_zamu

Mzee shikamoo. Hii naipeleka darasani Jumatatu.

#24 · mchambuzi_huru

Uzi mzuri ila naona mnajichosha. Siku hizi unamwambia ChatGPT "niandikie programu ya madeni ya duka" inakupa dakika moja, na haifuti mtaa. Ya nini kukaa siku mbili na random.py?

#25 · fundi_wa_mita

Mkuu hata mimi naitumia, sitaki unafiki. Ila jaribu kuiuliza ikuandikie programu ya saa za Kiswahili, halafu mpelekee bibi wa Tanga aikague. Au ile ya 40,005. Itakupa kitu kinachoendesha bila maandishi mekundu, na usipojua kodi inasemaje utamkabidhi mtu risiti ya elfu arobaini na tano. Ukiwa unajua, iachie iandike, wewe soma. Ukiwa hujui, ile ya kwanza andika kwa mkono wako.

#26 · BiHasanati

Na mimi niseme yangu, maana nimeshindwa kukaa kimya.

Tuna mchezo wa akina mama, tupo kumi na wawili, kila mwezi mmoja anapokea. Mzozo ni nani aanze. Zamani tulikuwa tunakunja vikaratasi. Kijana wangu akaniandikia programu, majina kumi na mawili kwenye orodha, `random.shuffle`, inayachanganya, inayatoa kwa mpangilio. Nikaiendesha nyumbani jioni, nikatuma majibu kwenye kundi la WhatsApp.

Wa kwanza kupokea nilikuwa mimi.

Sitawaeleza niliyoambiwa. Nilichakachua, nina mtoto wa kompyuta, tumerogwa kidijitali. Nikaifuta ile orodha. Kijana akasema mama, tuifanye mbele yao. Akaongeza mstari mmoja, `random.seed(jumla)`. Maana yake, akanieleza, ukiipa namba ile ile na majina yaliyopangwa vile vile, inachanganya kwa namna ile ile kila mara. Tukakutana kwa mwenzetu, kila mmoja akataja namba anayoitaka, tukazijumlisha kwa sauti, tukaiingiza ile jumla. Ikatoa mpangilio. Aliyekuwa na shaka akaiendesha mwenyewe kwenye simu ya mwanawe kwa namba ile ile, ikatoka vile vile. Hapo wakaridhika.

Nilikuwa wa tisa.

#27 · karani_mstaafu

Bi Hasanati, hongera. Swali la mhasibu: aliyetaja namba wa mwisho alikuwa ameshasikia za wenzake. Akiwa na programu mkononi anaweza kujaribu jumla mbalimbali hadi aone ya kumweka wa kwanza.

#28 · BiHasanati

Yarabi.

#29 · karani_mstaafu

Mwakani waandike namba kwenye vikaratasi, wavikunje, vifunguliwe kwa pamoja.

#30 · siti_ya_dirishani

Kwa hiyo tumerudi kwenye vikaratasi 😂

#31 · Kijana_wa_Igurusi

Wakuu nimefanya. Pydroid imeingia, nimenakili ile ya mita, nimeiendesha jana ikakubali. Leo imeniharibikia. Salio la jana 6.2, la leo 31.0. Inasema zimetumika uniti -24.8 na zimebaki siku -1. Nimeangalia nafasi zote za mwanzo wa mstari, ziko sawa. Kaka anasema simu ina virusi.

#32 · fundi_wa_mita

Simu ni nzima. Mlinunua umeme leo?

#33 · Kijana_wa_Igurusi

Ndiyo, kaka aliweka wa elfu kumi mchana. Zikaja uniti 28.

#34 · fundi_wa_mita

Programu haijui hilo, hujaiambia. Ongeza swali la tatu, uniti mlizonunua leo, kama hamkununua unaweka 0. Kisha mstari wa matumizi ubadilike. Sikuandikii. Fikiria asubuhi mlikuwa na nini, kiliongezeka nini, jioni kimebaki nini.

#35 · Kijana_wa_Igurusi

```
matumizi = jana + nunua - leo
```

Zimetumika uniti 3.2. Zimebaki siku 9.

Kaka ameuliza kama inaweza kumwambia ni nani anayepiga pasi usiku.